Kazi ya Kuipandisha Tovuti

Vijana kadhaa wameniuliza kama walipie kozi ya kuzifanya tovuti zionekane juu watu wanapotafuta jambo katika intaneti. Kazi hiyo ipo, na ina mshahara. Lakini kwanza tuutazame mtambo wenyewe.

Larry Page na Sergey Brin walipoanzisha Google mwaka 1998, waliupima ukurasa kwa viungo vinavyouelekea kutoka kurasa nyingine, kama mtu anavyopimwa kwa mashahidi wake. Basi mashahidi wakaanza kununuliwa! Biashara ya viungo ikashamiri, na waliojua hila hiyo peke yake wakajiita mafundi. Aprili 2012 Google ikaleta badiliko liitwalo Penguin. Tovuti nyingi zilizonunua viungo zikaporomoka, na hasara ikawa ya wateja.

Kwa hiyo kijana na aanze na tovuti ndogo, hata ya duka la shangazi yake. Aandike kwa maneno ambayo wanunuzi wenyewe huyatumia. Ahakikishe ukurasa unafunguka upesi kwenye simu. Kisha afungue Search Console, chombo ambacho Google hukitoa bure, aone watu walitafuta nini hata wakamfikia. Kumbukumbu za miezi sita za kazi hiyo zitamshawishi mwajiri kuliko cheti, nami nina stashahada yangu ukutani nikisema hivyo.

Na mwalimu akiwaahidi nafasi ya kwanza kwa uhakika, ada yake msiitoe. Google wenyewe wameandika kwamba hakuna awezaye kuidhamini.