Mimbari ni ya Nani?

Somo: Amosi 7:10–15

Asubuhi hii twataka kulijibu swali ambalo Wakristo wa Otonglo hutuuliza kila uchaguzi unapokaribia: Je, yafaa mtumishi wa Mungu kujitia katika mambo ya siasa?

Kwanza tufahamu kwamba siasa si vyama na kura tu. Bei ya unga, dawa za zahanati, shamba la mjane, yote hayo huamuliwa na wenye mamlaka. Mchungaji anayemzika mtoto aliyekosa dawa hawezi kusema kwamba hayo hayamhusu.

Sasa tumtazame Amosi. Alikuwa mfugaji na mtunza mikuyu, akatumwa kukemea dhuluma waliyotendewa maskini. Amazia, kuhani wa Betheli, akamfukuza, akisema kwamba hapo ni patakatifu pa mfalme. Angalieni sana: hakusema ni pa Mungu. Mahali pale paliwekwa na mfalme, na kuhani akawa mtu wa mfalme. Amosi alikula jasho lake mwenyewe, na ulimi wake ulikuwa huru.

Hapa Kisumu tulimwona mtu wa namna hiyo. Askofu Henry Okullu aliongoza Dayosisi ya Maseno Kusini tangu 1974 hata 1994. Kura ya mlolongo ilipoletwa mwaka 1986, yeye na viongozi wengine wa makanisa waliipinga. Mwaka 1990 alidai waziwazi vyama vingi viruhusiwe, na sheria ya chama kimoja ikafutwa Desemba 1991. Kusema kweli kulikuwa na hatari. Askofu Alexander Muge wa Eldoret alifariki barabarani tarehe 14 Agosti 1990, akitoka Busia. Siku chache kabla, waziri mmoja alikuwa amemtisha hadharani kwamba akienda huko hatarudi salama.

Lakini sisi wachungaji na tuungame. Jumapili moja mheshimiwa alituletea bahasha ya mabati ya kanisa, nasi tukampa kipaza sauti. Akawatukana wapinzani wake mbele ya Meza ya Bwana, tukapiga makofi. Baadaye vibanda vya akina mama wauza samaki vikabomolewa, wakaja tuwasemee. Tulinyamaza. Mabati yake yalikuwa juu ya vichwa vyetu.

Kwa hiyo tulifurahi tarehe 12 Septemba 2021 huko Butere, siku ya kuwekwa wakfu Askofu Rose Okeno, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit alipowanyima wanasiasa nafasi ya kuhutubia ibadani. Wakaribishwe, wakae kitini, wasikilize Neno kama sisi sote.

Basi jibu letu ni hili. Mchungaji apige kura, awaombee watawala, amtetee mnyonge, amkemee mkubwa bila kujali chama chake. Ila asivae sare ya chama, wala asimwazime mgombea mimbari, kwa maana si yake. Akitaka ubunge, avue kwanza joho.

Nanyi Wakristo mna sehemu yenu. Msitutume kwa mheshimiwa kuomba mabati, kisha mtudai ujasiri wa Amosi. Heri tununue bati moja kila mwezi kwa sadaka zetu, mvua itunyeshee kidogo, lakini nyumba ibaki ya Bwana.

Tuombe. Ee Bwana, utusamehe tulipouza sauti yetu. Utupe mikono mitupu na vinywa vilivyo huru, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.