Mnyororo Mpya, Meno ya Zamani

Kijana alinifikia asubuhi mapema, baiskeli ameibeba begani kama gunia.

"Shikamoo fundi. Gia zinaruka. Jana nimefunga mnyororo mpya, ndiyo mambo yamezidi."

"Marahaba mwanangu. Ule wa zamani uliutumia muda gani?"

Akakuna kichwa. "Tangu nilipoinunua."

Aliinunua miaka mitatu iliyopita, na kila wiki anapeleka wageni Magamba na Irente. Sikuhitaji kushika spana. Nilimwambia akae kwenye benchi anywe chai kwanza, maana habari ya gharama haipokelewi vizuri na mtu mwenye njaa.

Mimi ni fundi baiskeli hapa Lushoto, mwaka wa 24 huu. Nilianzia kwenye Phoenix na Hero za wakulima, zile za chuma kizito zinazobeba kabichi na viazi hadi sokoni. Baiskeli za milimani, zenye gia nyingi na shokapu mbele, zilianza kunijia baadaye: nyingine za mtumba kutoka Ulaya, nyingine za vijana wanaotembeza watalii. Mwanzoni nilizidharau. Niliziona kama mapambo. Kisha nikagundua kwamba Phoenix ukiipuuza inalalamika miaka kumi, lakini hizi ukizipuuza miezi sita zinakula pesa.

Na kinachozila hasa ni mnyororo. Watu husema mnyororo "umevutika". Chuma hakivutiki namna hiyo. Mnyororo una viungo zaidi ya 100, na kila kiungo kina pini inayosuguana na tundu lake. Pini inalika kidogo, tundu linapanuka kidogo, kadiri ya unywele tu. Ukijumlisha unywele huo mara 100, mnyororo mzima umerefuka. Sasa haukai tena kwenye mabonde ya meno, unapanda juu yake na kuyachonga yawe na ncha kama ndoana. Meno yanajifunza umbo la mnyororo mbovu. Ndiyo sababu ukifunga mpya juu yake unakataa: wewe umeleta mwanafunzi mgeni, darasa zima limeshazoea makosa.

Kupima hakuhitaji kifaa cha duka la baiskeli. Chukua rula ya shule ya sentimita 30. Kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya pini inayofuata, mnyororo mpya ni milimita 12.7, yaani nusu inchi. Ukanyage pedali kidogo ili mnyororo ukazike, weka sifuri kwenye pini ya kwanza, hesabu hadi pini ya 21. Mnyororo mpya utasoma milimita 254 kamili. Ukikuta imepita 255 kwa robo hivi, nunua mnyororo, na meno yako yatakuwa bado salama. Ukikuta 256 na nusu, pole sana, utanunua na kaseti, lile rundo la meno la gurudumu la nyuma. Ule wa zamani wa kijana yule ulisoma 258. Nilimwita aje aone mwenyewe, kwa sababu mteja akiambiwa tu hudhani fundi ana njaa.

Kinachoua mnyororo haraka huku kwetu ni oili chafu ya injini. Imezoeleka: mtu anapita gereji, anaomba oili iliyomwagwa kutoka kwenye gari, anaipaka mnyororo mzima hadi inachuruzika. Anaondoka anang'aa. Jioni vumbi jekundu limenata humo, limechanganyika na chembe za chuma zilizokuwemo kwenye oili tangu kwenye injini, na sasa amevaa msasa unaozunguka. Oili inahitajika ndani ya kiungo, kule pini inakosugulia. Juu haina kazi. Kwa hiyo tia tone moja moja kwenye kila kiungo, zungusha pedali kinyumenyume dakika moja, subiri kidogo, halafu chukua kitambaa kikavu ufute kana kwamba unataka kuiondoa yote. Mnyororo mzuri ukiugusa unaacha alama hafifu tu kidoleni.

Na maji. Siku hizi kila kona kuna kijana mwenye mashine ya kuoshea magari, na mtu akitoka porini na tope anaipeleka baiskeli huko. Maji yale yana nguvu ya kupita kwenye raba za habu, za krenki na za shingo ya foko, yanafukuza grisi na kubaki humo. Nje baiskeli inameta, ndani gololi zinapata kutu. Mimi natumia ndoo, mswaki wa zamani na sabuni kidogo. Inatosha.

Grisi ina heshima yake katika historia ya baiskeli za milimani. Mwaka 1976 huko Marin County, California, vijana walianza kushindana kuteremka mlima kwa baiskeli nzito za zamani. Breki yao ilikuwa ndani ya habu ya nyuma, ya kukanyaga pedali kinyume. Wakifika chini, grisi imeshaungua na kuwa moshi, inabidi habu ifunguliwe ipakwe upya. Njia ile wakaiita Repack kwa sababu hiyo hiyo. Mwaka uliofuata mmoja wao, Joe Breeze, akaunda fremu mahususi kwa ajili ya milima. Mchezo wote huu umezaliwa kwenye mikono yenye grisi, na hilo hunifurahisha kila ninapoosha mikono yangu jioni.

Breki nazo zina kesi yangu binafsi. Nilipoletewa kwa mara ya kwanza baiskeli yenye breki za mafuta, nilijiona najua. Mafuta yalikuwa yamepungua, nikatia ya gari, DOT. Breki ilikuwa ya Shimano, ambayo hutaka mafuta ya madini. Baada ya siku chache raba za ndani zilivimba, mkono wa breki ukagoma kurudi, gurudumu likakaza. Nililipa breki nzima kutoka mfukoni mwangu, na mwenye baiskeli alikuwa mpole kiasi kwamba aibu iliniuma zaidi. Breki nyingi za SRAM hutaka DOT 5.1, lakini zipo mpya za kampuni hiyo hiyo zinazotaka ya madini, kwa hiyo usikariri jina. Soma kwenye kifuniko. Usipoona maandishi, usimimine kitu.

Anayeteremka kutoka hapa hadi Mombo kwa kupitia Soni anajua kona zilivyo. Wengi huminya breki kidogo kidogo bila kuachia, mteremko mzima. Diski inapata moto, pedi zinakauka na kuwa kama kioo, na kwenye breki za rimu joto linaweza kupasua tyubu. Minya kwa nguvu kabla ya kona, zote mbili, kisha achia kabisa ipoe. Na usiguse diski kwa vidole vyenye oili. Breki inayopiga mluzi kama filimbi ya refa mara nyingi imeonja oili, na pedi ikishainywa haitapiki.

Tairi nitasema mawili tu. La kwanza, namba. Mtu anakuja na tairi la 26 x 1 3/8 alilouziwa, anataka liingie kwenye baiskeli ya milimani ya 26. Haliingii ng'o. Lile alilouziwa kipenyo chake cha ndani ni milimita 590, la milimani ni 559. Na kuna kichekesho kikubwa zaidi: lile la 28 x 1 1/2 la Phoenix ni 635, wakati la 29 la milimani ni 622. Yaani 28 ni kubwa kuliko 29! Ubavuni mwa tairi kuna namba kama 54-559. Iamini hiyo ya pili, hizo nyingine ni majina ya mtaani.

La pili, ukifunga tairi, panga maandishi yake yawe usawa wa valvu kila mara. Siku ya pancha utatoa tyubu, utaona tundu, utapima umbali wake kutoka kwenye valvu, na utajua mwiba umejificha sehemu gani ya tairi. Mwiba usipotoka, kiraka chako hakimalizi hata kilomita. Ukikuta matundu mawili yanaangaliana, usitafute mwiba: upepo ulikuwa mdogo, rimu imebana tyubu kwenye jiwe.

Pedali ya kushoto inafunguliwa kinyume na ya kulia. Kila mwanafunzi wangu nimemwambia, na kila mmoja ameharibu moja.

Kijana wa asubuhi alilipa kaseti na sahani mbili za meno ya mbele. Kaseti peke yake ilimgharimu zaidi ya minyororo mitatu, na katika miaka ile mitatu minyororo mitatu ingetosha. Hakubishana. Alipoondoka alipitia duka la vifaa vya shule ng'ambo ya barabara, nikamwona anatoka na rula.

Nawe ukija kwangu, njoo na baiskeli ikiwa na tope lake. Usiipitishe kwanza kwa waosha magari.