Uteuzi wa Manifoldi ya Moshi na Mfumo wa Upumuaji wa Chumba cha Krenki katika Injini zenye Tabo: Mazingira ya Wilaya za Karagwe na Kyerwa

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna ya kuteua manifoldi ya moshi na mfumo wa upumuaji wa chumba cha krenki kwa injini ya gari yenye tabo inayotumika katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera. Hoja kuu ni kwamba vipengele hivi viwili, ambavyo aghalabu huteuliwa kimoja kimoja, vinapaswa kuamuliwa kwa pamoja, kwa kuwa vyote hutawala mgandamizo unaoizunguka tabo ileile. Anayekosea katika mojawapo huweza kuishia kununua tabo mpya isiyohitajika.

1.0 Utangulizi

Wilaya ya Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Wilaya zote mbili ni za vilima na mabonde, kahawa na migomba, na barabara zake nyingi za vijijini ni za udongo. Gari linalotoka Kyaka, kando ya Mto Kagera, hupanda hadi nyanda zenye kimo cha meta 1,500 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Katika kimo hicho mgandamizo wa hewa ni takribani kilopaskali 85, ilhali pwani ni 101. Injini isiyo na tabo hupoteza nguvu kwa kadiri inayokaribiana na upungufu huo, yaani moja ya sita hivi.

Tabo, ambayo Mswisi Alfred Büchi aliipatia hataza mwaka 1905, hufidia upungufu huo kwa kutumia nishati ya moshi. Hata hivyo, fidia hiyo ina gharama. Ili kupata kilopaskali 180 katika njia ya kuingizia hewa, tabo iliyo pwani hukuza mgandamizo mara 1.8 hivi, iliyo Karagwe hulazimika kuukuza mara 2.1. Kwa hiyo huzunguka kwa kasi zaidi, na mgandamizo wa moshi kabla ya tabo huelekea kuongezeka.

2.0 Manifoldi ya Moshi

Kazi ya manifoldi ni kuufikisha moshi kwenye tabo ukiwa bado na joto na msukumo wake. Kwa msingi huo, aina mbili hulinganishwa: manifoldi fupi ya chuma cha kusubu, na manifoldi ya mabomba marefu yaliyochomelewa, aghalabu ya chuma cha pua kisichoshika kutu.

Mabomba marefu hutenganisha mapigo ya moshi ya kila silinda. Katika injini ya silinda nne inayowaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2, silinda ya 1 huunganishwa na ya 4, na ya 2 na ya 3, ili pigo la moja lisiingilie utoaji wa moshi wa nyingine. Faida hiyo hupatikana kikamilifu pale tu tabo yenyewe inapokuwa na milango miwili ya moshi. Kwa tabo ya mlango mmoja, sehemu kubwa ya faida hupotea.

Upande wa pili ni upanukaji. Manifoldi yenye urefu wa milimita 400, joto lake likipanda kwa nyuzi 700 za Selsiasi, hurefuka kwa milimita 3 hivi ikiwa ni ya chuma cha kusubu, na karibu milimita 5 ikiwa ni ya chuma cha pua kisichoshika kutu. Mabomba yasipoachiwa nafasi ya kupanuka, au uzito wa tabo usipobebwa na mhimili wake, nyufa huanzia kwenye viungo vya kuchomelea. Mtikisiko wa barabara ya udongo huharakisha jambo hilo.

3.0 Upumuaji wa Chumba cha Krenki

Katika kila injini, sehemu ya gesi hupenya kando ya ringi za pistoni na kuingia katika chumba cha krenki. Injini ya petroli isiyo na tabo huzivuta gesi hizo kwa mvuto wa njia ya kuingizia hewa. Yenye tabo haiwezi kutegemea mvuto huo wakati wote, kwa sababu tabo inaposukuma, njia hiyo hujaa mgandamizo. Hivyo huhitajika valvu ya njia moja, pamoja na bomba la pili linaloelekea kwenye mdomo wa tabo wa kuvutia hewa, baada ya chujio. Injini ya dizeli kwa kawaida hutumia njia hii ya pili.

Wapo wanaochagua kuuachia mvuke huo nje moja kwa moja. Kwa wilaya hizi, uteuzi huo ni wa hatari. Injini inapozimwa na kupoa, hewa iliyomo husinyaa na kuvuta hewa ya nje pamoja na vumbi la kiangazi. Vumbi husaga ringi, na ringi zilizolika hupitisha gesi nyingi zaidi. Kinachofaa ni mfumo uliofungwa wenye kitenganishi cha oili na mabomba mapana, yaliyowekwa mbali na manifoldi, kwani oili ikidondokea chuma chenye joto kali huweza kuwaka.

4.0 Uhusiano wa Vipengele Hivi Viwili

Oili huingia kwenye tabo kwa nguvu ya pampu, lakini hurudi kwenye sampo kwa kuteremka tu. Mgandamizo ukizidi katika chumba cha krenki, oili hushindwa kushuka, hujaa ndani ya tabo na kuvuja kwenye pande zake zote mbili. Gari hutoa moshi wa buluu, na tabo huhukumiwa kuwa imekufa ilhali kilichoziba ni bomba la kupumulia.

Kwa upande mwingine, manifoldi inayobana moshi huongeza gesi zinazopenya kwenye shafti ya tabo na kuingia katika chumba hichohicho. Manifoldi yenye ufa nayo hupunguza msukumo wa tabo. Dereva wa dizeli hukanyaga zaidi, masizi huongezeka, oili huchafuka na kitenganishi huziba mapema.

Kipimo chake si cha gharama. Bomba laini linaloonyesha ndani, lililokunjwa kwa umbo la U na kutiwa maji, huunganishwa kwenye tundu la kijiti cha kupimia oili. Tofauti ya milimita 100 kati ya pande mbili za maji ni sawa na kilopaskali 1 hivi. Kipimo hufanywa injini ikiwa moto, kwanza kwa mwendo wa chini kisha kwa kasi, na matokeo hulinganishwa na kikomo cha mtengenezaji wa injini.

5.0 Hitimisho

Kwa gari la kazi linalopanda vilima likiwa na mzigo, mbali na karakana kubwa, manifoldi fupi ya chuma cha kusubu pamoja na mfumo uliofungwa wa upumuaji ndiyo uteuzi unaostahili kupewa kipaumbele. Mabomba marefu yanafaa pale tu penye tabo ya milango miwili, mhimili wa kubeba uzito na fundi hodari wa kuchomelea. Aidha, tabo isibadilishwe kabla mgandamizo wa chumba cha krenki haujapimwa.