Mtoto na Udi: Mafunzo ya Kwanza

Katika Mji wa Kale wa Mombasa, mtoto husikia matari ya maulidi na ngoma za harusi kabla hajaingia chuoni. Basi muziki huanzia masikioni, wala si mikononi; na anayetaka kujifunza udi hana budi kulikumbuka jambo hilo.

Udi una tumbo kubwa la mbao, shingo fupi, na kwa kawaida nyuzi 11: jozi tano na uzi mmoja mnene ulio peke yake. Hupigwa kwa risha. Shingoni hamna vipande vya kuonyesha mahali pa kubonyeza, kama vilivyomo katika gitaa. Kidole kikisogea kidogo tu, sauti huharibika, na ni sikio pekee liwezalo kumwonya mpigaji.

Kwa hiyo mtoto asikimbizwe kwenye nyimbo. Kwanza afunzwe kukaa: miguu ifike chini, mgongo uwe wima, udi ulale juu ya paja. Pili, apige nyuzi wazi kwa risha, kwa mapigo yaliyo sawa, huku mkubwa wake akimpigia makofi. Tatu, aimbe sauti moja kwa kinywa, kisha aitafute kwa kidole kimoja. Robo saa kila siku yashinda saa mbili za siku moja katika juma. Ikiwa mikono yake bado ni mifupi, aanze na tari. Hapotezi kitu, maana mapigo ndiyo msingi.

Siku hizi kinanda cha umeme kimeshika mahali pa udi katika harusi nyingi. Kwa mtoto ni chepesi, kwani kila sauti imekwisha tengenezwa. Lakini maqamu ya Kiarabu yana sauti zilizo baina ya vitufe viwili, nazo hazimo katika kinanda cha kawaida. Asiyezisikia utotoni huona taabu kuzitambua ukubwani.

Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu mwaka 1939 aliyesifika Mombasa kwa udi wake, alifariki mwaka 2016. Huko Zanzibar, chuo cha muziki kilichoanzishwa mwaka 2001 kimewafunza vijana udi, kanuni na fidla. Lakini hatua ya kwanza haingoji chuo. Yataka mzazi mwenye subira na robo saa ya jioni. Udongo uupate uli maji.