Waya mwembamba unaosahauliwa

MAGARI mengi yanayopita barabara ya Kigoma kwenda Ujiji yalianza safari zake Japani. Redio zake nyingi zilitengenezwa kupokea masafa ya FM ya huko, ambayo kwa miaka mingi yalikuwa megahezi 76 hadi 90, wakati vituo vyetu viko kati ya 88 na 108. Ndiyo maana mwenye gari hachelewi kumtafuta fundi umeme amfungie redio nyingine.

Kazi hiyo ni rahisi, isipokuwa gari likiwa na amplifaya yake ya kiwandani, kile kiboksi kinachofichwa chini ya kiti au pembeni mwa buti. Fundi anafunga redio mpya, taa zinawaka, jina la wimbo linapita kwenye kioo, lakini spika zote kimya. Mwenye gari anaongeza sauti hadi mwisho. Kimya. Anaanza kudhani spika zimekufa.

Kumbe hakuna kilichokufa. Amplifaya ina umeme wa betri muda wote kupitia waya mnene, na muziki unaifikia. Tatizo ni kwamba imelala. Iliundwa ilale ili isimalize betri gari likiwa limezimwa, na huamka pale tu redio inapoipelekea volti 12 kupitia waya mmoja mwembamba. Kwenye redio nyingi za dukani waya huo ni wa bluu wenye mstari mweupe. Kwa kuwa haupeleki muziki wala hauendi kwenye spika, ni rahisi kuuacha ukining'inia nyuma ya dashibodi.

Mpendwa msomaji, wapo waumini walio katika hali hiyo. Ibada hawakosi, sadaka wanatoa, Neno linawafikia kila Jumapili. Lakini maombi yao yamekuwa makavu, na nyumbani hakuna anayesikia chochote kutoka katika imani yao. Wanaongeza sauti: mkesha mwingine, mfungo mwingine. Kimya kinabaki palepale.

Katika Mathayo 5:23-24, Bwana Yesu anazungumza na mtu ambaye tayari yuko madhabahuni na sadaka yake mkononi. Akikumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka hapo, aende kwanza kupatana naye, kisha arudi kuitoa. Angalia vizuri: anayeambiwa aondoke ni yule anayelalamikiwa. Hasubiri kufuatwa.

Chukua mfano wa ndugu wawili waliokuwa wakivua dagaa pamoja pale Kibirizi. Injini iliharibika, wakagombana juu ya nani alipe, mtumbwi ukauzwa. Leo wanaabudu kanisa moja, mmoja benchi za mbele na mwingine mlangoni, na watoto wao hawasalimiani. Hakuna mahubiri yatakayofanya kazi ambayo hodi moja ingeifanya.

Fundi mwenye haraka ana njia yake ya mkato. Huuchukua ule waya mwembamba akauunga moja kwa moja kwenye betri. Muziki unalia, mteja analipa, anaondoka akifurahi. Lakini sasa amplifaya hailali kamwe, na asubuhi moja gari linagoma kuwaka. Nasi tuna mkato wetu: kutangaza "nimemsamehe" mbele ya kanisa bila kumwendea mhusika, au kumpitia mchungaji atupelekee salamu. Siku ya kwanza tunajisikia wepesi. Baada ya wiki mbili uchungu uleule umetumaliza nguvu.

Huenda ukienda usipokelewe. Mtume Paulo alilijua hilo. Katika Warumi 12:18 anatuagiza kuishi kwa amani na watu wote kwa kadiri iliyo katika uwezo wetu. Upande wako ni kuunga waya. Jibu la ndugu yako si lako kulilazimisha, na deni kama lipo lilipwe, hata kidogo kidogo.

Wavuvi wetu hupumzika mwezi unapokuwa mpevu, kwa sababu mwanga wa taa hauvuti dagaa. Ni siku za kushona nyavu na kufanya hesabu. Zitumie pia kwa hesabu hii. Na kama bado uko uwanja wa kanisa unaposoma haya, usielekee nyumbani moja kwa moja. Pitia kwake kwanza, upige hodi.

Jumapili njema.