Fahamu: Kuchagua mtandao wa matangazo yanayofanana na habari

Ukimaliza kusoma habari mtandaoni, chini hukutana na picha zenye vichwa vya kuvutia. Nyingi ni matangazo yaliyolipiwa. Kampuni za Taboola na Outbrain, zilizoanzishwa miaka ya 2000, zimekuwa maarufu katika biashara hii. Mwenye tovuti hulipwa matangazo yanapobofywa au kuonekana.

Kwa kijana wa Misunkumilo, Mpanda, anayeandika habari za mazao na bei za sokoni, swali la kwanza ni wasomaji. Mitandao mikubwa ya matangazo hupendelea tovuti zenye wasomaji wengi, na mbofyo wa Tanzania kwa kawaida hulipa kidogo kuliko wa Marekani. Uliza pia kiwango cha chini cha malipo na njia ya kupokea fedha. Salio la dola chache linaweza kukwama kwa miezi.

La muhimu zaidi, kwangu, ni uwezo wa kuzuia matangazo. Tangazo la dawa inayodaiwa kuponya kisukari chini ya habari ya zahanati linaweza kumdhuru msomaji wako. Mtandao usiokupa uwezo huo, ukatae hata ukilipa vizuri. Na kabla ya yote, ulizia Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) kama tovuti yako inahitaji leseni ya maudhui mtandaoni.