Tela Lisiende Uchi Katika Njia za Changarawe

Sisi watu wa Visiwani tumezoea safari fupi. Atokaye mjini Unguja hufika Nungwi au Makunduchi kabla jua halijawa kali, na jiwe la njia zetu ni jiwe la matumbawe, ambalo aghalabu limelala mahali pake. Ndiyo sababu wengi wetu, tunapovuka bahari na kupanda nyanda za kati za Bara, hutazama mafuta, matairi na maji ya rejeta, lakini hatuwazi kabisa habari za mawe. Leo tunapenda kulieleza jambo hilo, kwani limekwisha kuitia hasara mali ya umma na, kama tutakavyoonyesha, limepata kuwakosesha wananchi maji.

Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulitolewa mwaka 1973. Tangu mwaka 2016, Serikali ilipoanza kuhamia huko kwa vitendo, watumishi na viongozi kutoka Visiwani wanaokwenda Dodoma wamezidi kuwa wengi. Barabara kuu zitokazo Dodoma kwenda Morogoro, Singida, Iringa na Babati sasa ni za lami, na kwa hilo kila msafiri anashukuru. Lakini wananchi hawaishi kando ya lami peke yake. Aliye na kazi vijijini hana budi kuiacha lami na kuingia katika njia za udongo na changarawe. Mvua ya nyanda hizi ni ya msimu mmoja, baina ya Desemba na Aprili. Ikiisha, magari na upepo huuondoa udongo laini, na yale mawe yaliyokuwa yameshikwa na udongo hubaki juu, yamelegea, yakingoja gurudumu.

Katika kiangazi cha mwaka 2019 tulikuwa miongoni mwa abiria wa gari la ofisi moja, ambayo hatutaitaja, tukitoka Chemba kuelekea Kwa Mtoro. Gari lilivuta tela lenye tangi la lita 1,000, yaani mzigo wa tani moja ya maji, kwa ajili ya kijiji ambacho pampu yake ilikuwa imeharibika. Dereva, mtu mzima na mwenye busara, alikuwa amekwisha kuomba apatiwe mipira ya kukinga mawe. Aliambiwa angoje bajeti ijayo. Hatujaenda mbali, kioo cha nyuma kilipasuka kwa kishindo, kikamwagika chembe chembe mabegani mwetu. Tuliteremka, tukawatafuta watoto watundu vichakani, lakini hapakuwa na mtu. Ndipo dereva alipotuonyesha koki ya tangi, iliyokuwa mbele ya tela, imevunjwa shingoni, na maji yanakwenda mchangani. Tuliziba kwa kitambaa na kijiti. Tulipofika, nusu ya maji ilikuwa imekwisha, na akina mama walikuwa wamepanga ndoo tangu alfajiri. Bibi mmoja alituuliza, bila ya hasira, “Wanangu, na hii nusu nyingine mmempa nani?” Hatukuwa na jibu.

Hapana budi tueleze jinsi mambo yanavyokwenda, kwa sababu wengi hudhani kwamba kioo cha nyuma huvunjwa na gari jingine. Sivyo. Gurudumu la nyuma la gari linalovuta hulinyakua jiwe na kulirusha nyuma. Gari lisilo na tela hurusha vivyo hivyo, na jiwe huanguka njiani bila ya kumdhuru mtu. Lakini tela linapofuata, jiwe hukutana na bati la tela linalokuja kwa kasi, hugonga, kisha hurudi mbele na kukipiga kioo. Kioo cha nyuma cha magari mengi ni cha namna ile ambayo, ikipata pigo kali mahali pamoja, husambaratika chote kwa mara moja. Na mawe yasiyofika kiooni hula rangi ya tela, hukata nyaya za taa, hupiga mabomba ya breki na kuvunja koki.

Dawa yake ni nyepesi. Kwanza, madigadi za mpira zifungwe nyuma ya magurudumu ya gari linalovuta, ziwe pana kuliko tairi, zifike karibu na ardhi kadiri ya upana wa kiganja, zisiburute. Pili, baina ya gari na tela, juu ya vyuma vya kuunganishia, pafungwe kinga ya turubai zito au wavu wa waya uliovikwa mpira. Hapa ndipo wengi hukosea. Kinga ikifungwa wima na kukazwa kama ngoma, jiwe litarudi kiooni kama kawaida. Ilazwe kwa mshazari, au iachwe ining’inie kwa ulegevu, ili ilivunje nguvu jiwe na kuliangusha chini. Iachiwe nafasi ya kutosha ili gari likate kona bila ya kuichana, isikaribiane na bomba la moshi, wala isizibe taa na namba za gari.

Tatu, uso wa tela uvishwe kitu laini, kama mpira wa ndani wa tairi kuukuu uliopasuliwa, au kipande cha zulia chini ya turubai. Jiwe likikuta kitu laini halirudi. Nne, koki, nyaya na mabomba yahamishiwe nyuma au yafunikwe kwa kipande cha bati. Tano, kioo cha nyuma chenyewe kiwekewe boksi kwa nje, limefungwa imara, na dereva ategemee vioo vya pembeni. Na kila mnaposimama, bolti na nati zikaguliwe, kwani mtikisiko wa njia hizo hulegeza kila kitu.

Kinga kubwa kuliko zote, hata hivyo, ni mguu wa dereva. Mwendo wa kilomita 80 kwa saa ni mara mbili ya mwendo wa kilomita 40, lakini nguvu ya pigo huwa mara nne. Anapopishana na gari jingine, dereva apunguze mwendo zaidi na asogee pembeni. Viongozi nao, tuseme kweli, waache kumhimiza dereva akimbize gari kwa kuwa wamechelewa kuondoka wenyewe.

Nyanda hizi zimekwisha kutoa somo. Pale Kongwa, Waingereza walianza mwaka 1947 mradi mkubwa wa karanga, wakaleta mitambo mingi. Ardhi ya huko, ikikauka kiangazi, ilikuwa ngumu mno, ikavunja zana zao, na mvua nayo haikuwaridhisha. Mwaka 1951 mradi ukaachwa. Walikuwa na fedha na mitambo, lakini hawakuiuliza ardhi kabla ya kuiingia. Nasi tusiingie kwa ujinga ule ule, kila mmoja na tela lake.

Tunawaambia wakuu wa ofisi jambo moja. Hakuna haja ya kuagiza vitu hivi ng’ambo. Fundi anayekata matairi makuukuu na kushona makatambuga sokoni anaweza kukata madigadi kwa kisu kile kile, na fundi wa kuchomelea anaweza kuunda fremu ya kinga kwa siku moja. Kioo kipya ndicho kinachotoka ng’ambo, na huko ndiko fedha za wananchi zinakoishia. Basi iwe kanuni kwamba tela lolote la umma lisiruhusiwe kuiacha lami bila ya kinga, na ukaguzi wake uandikwe katika daftari la gari pamoja na mafuta na matairi. Na dereva anapoomba kipande cha mpira, asingojeshwe bajeti.

Tulipokuwa chuoni, mwalimu wetu alitufundisha kwamba mtu humfunga ngamia wake kwanza, kisha ndipo humtegemea Mungu. Wengi wetu tunapoanza safari husoma dua, na ni vyema. Lakini kamba ya ngamia wa leo ni kile kipande cha mpira nyuma ya gurudumu. Tukifunge, ili siku nyingine tufike kwa yule bibi na tangi lililojaa.